Karafuu kwenye Shingo ya Gitaa

Mwezi uliopita kichupa cha mafuta ya karafuu kilinipindukia kabatini. Nilikuwa nimekiweka juu ya kisanduku cha mbao ninachowekea sindano na vifungo, kizibo hakikukaza, na nilipokuja kukiona asubuhi ya pili mafuta yalikuwa yameshakesha juu ya kifuniko. Nilipapangusa kwa dole gumba, dole likanasa. Vanishi iliyokuwa ngumu kama kioo tangu kisanduku hicho kilipokuwa cha mama yangu sasa ilikuwa inavutika kama asali. Nikabaki nimesimama jikoni na harufu ile imenijaa kichwani, nikaanza kuelewa jambo ambalo ningepaswa kulielewa zamani, Baba akiwa hai.

Nilikulia Michenzani, ghorofa ya nne, na hadi leo naishi humo humo. Wenzangu wa rika langu waliokulia majumba yale marefu watakumbuka jinsi sauti zilivyokuwa zikisafiri: mtu akikuna nazi mwisho wa baraza, sisi tulijua anapika nini. Sauti iliyotoka kwetu ilikuwa ya gitaa la besi. Baba alikuwa fundi wa mafriji, na jioni akishanawa mikono alilitoa gitaa nyuma ya mlango wa chumbani, akalifungua kwenye kanga kuukuu ya Mama, akaliunganisha na kipaza sauti alichokiunda mwenyewe kwa spika za gari na sanduku la mbao.

Kifaa hicho kilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukikiwasha tu, kilianza kunguruma, mngurumo mmoja mzito usiokatika. Lakini Baba akizigusa nyuzi kwa kiganja, mngurumo ulikatika papo hapo, na akiondoa mkono ulianza tena. Leo naweza kukueleza sababu yake: soketi zetu hazikuwa na waya wa ardhini, na mwili wa mpigaji ndio uliokuwa ukifanya kazi hiyo. Wakati ule sikuwa na habari za waya. Niliona kiumbe kinachougulia, na mkono wa baba yangu ukikituliza. Nilikuwa na yakini kwamba gitaa lile lina maumivu na linamjua Baba.

Tena halikuwa lake. Lilikuwa la Ami Seif, mdogo wake, aliyekuwa akipiga muziki wa dansi kwenye hoteli za pwani ya kaskazini kabla hajapata kazi Maskati. Alilinunua kwa mgeni mmoja mwanamuziki, na hakuna kitu alichokipenda kama kile. Siku ya kuondoka alimkabidhi Baba mbele yetu sote, akamwambia alipige, asiliache likalala, maana gitaa lisilopigwa hufa. Ila akirudi alikute vilevile.

Lilikuwa amana. Kwetu neno hilo halikuhitaji maelezo. Jirani akisafiri akatuachia sufuria zake, zilikaa juu ya kabati zikiwa tupu hadi arudi, hata siku ambazo Mama alihangaika kwa kukosa sufuria. Baba alilitunza gitaa kwa moyo huohuo. Hewa yetu ya chumvi inazila nyuzi za chuma. Baada ya miezi michache zinakuwa butu, sauti inafifia. Nyuzi mpya hazikupatikana kirahisi, kwa hiyo alizifungua akazichemsha kwa maji na siki, akazianika zikakauka, akazifunga tena, na zikarudi kulia kama mpya. Alizichemsha kwenye sufuria ya Mama ya wali. Mama akionja wali wa siku ya pili alikuwa akisema kwa upole kabisa, "Leo tunakula uzi wa nne," na Baba anainamisha kichwa.

Basi ikawa hivi. Baba aliingia chama cha taarabu kilichofanya mazoezi katika nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe. Mzee aliyekuwa akipiga besi kubwa ya kusimama alikuwa hawezi tena vidole, wakamwomba Baba aje na gitaa la umeme azibe pengo. Mwimbaji wao alikuwa Bi Salama, mwanamke wa makamo, mwenye sauti nzito na ulimi mwepesi. Alikuwa anatayarisha wimbo mpya wa Idi, na wimbo huo ukampambanisha na gitaa la Ami Seif.

Nieleze kidogo, kwa asiyewahi kulishika gitaa. Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba vinavyoitwa freti. Ukibonyeza uzi, freti ndiyo inayoamua sauti: ama hii, ama ile inayofuata. Katikati yao huwezi kukaa, kama vile huwezi kusimama baina ya ngazi mbili. Kwa muziki wa dansi hilo si tatizo. Lakini taarabu yetu ina sauti zinazokaa katikati hasa. Mpiga fidla anazipata kwa sababu shingo ya fidla ni laini. Ile besi kubwa ya mzee ilizipata. Gitaa la Baba lilifika pale likagonga chuma. Mazoezini Bi Salama alisimamisha wimbo mara kadhaa, mwisho akamgeukia.

"Mimi nnapita hapa katikati," alimwambia, "wewe unanifungia mlango. Fanya utakavyofanya, fundi, lakini siku ya Idi sitaki kugonga kichwa."

Watu walicheka. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na mdoli wangu, nikamwona Baba naye akicheka, lakini njia nzima kurudi nyumbani dole lake lilikuwa likipanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa.

Ramadhani ikaingia. Vyama vyote vilifunga vyombo vyao, kama ilivyo ada. Mwezi mzima hapigi mtu ngoma wala uzi. Ndipo Baba alipoona nafasi. Najua alijaribu kuomba ruhusa kwanza, kwa sababu nilikuwa karibu alipompigia Ami Seif simu. Waliulizana hali, wakazungumza juu ya mama yao aliyekuwa Kizimbani, juu ya mvua, juu ya tende. Baba alivuta pumzi mara mbili kama anayetaka kuanza, kisha akasema, "Haya, bwana, funga njema," akakata.

Siku ya pili alizitoa freti zote.

Alikaa barazani baada ya alasiri. Alikipitisha chuma cha kulehemu juu ya kila freti ili ipate moto na kulegea, kisha akaibana kwa koleo na kuiinua taratibu, upande huu, upande ule, mpaka ikatoka na kamlio kadogo. Kila moja aliifunga kwenye kipande chake cha gazeti, akaandika juu yake nafasi yake, akaitia kwenye kopo dogo la maziwa ya unga. Nilimwuliza mbona anazitunza. Akasema zitarudi siku moja. Kwenye shingo ikabaki mifereji, akaijaza kwa unga wa mbao na gundi, akasugua kwa msasa, akapaka vanishi, akaacha ikauke, akasugua, akapaka tena. Alimaliza katika juma la kwanza la mfungo, lakini kwa majuma mazima nyumba yetu ilinuka vanishi. Kazi ilitoka nzuri, shingo iking'aa na mistari yake myeusi. Lakini mimi niliona makovu. Niliona kiumbe kilichong'olewa kwa koleo bila hata kupewa dawa.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, mimi mwenyewe niling'olewa jino hospitalini. Nililia hadi nikapaliwa. Tulipofika nyumbani Mama alichovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, yale aliyotuletea Bibi kutoka Kizimbani, akaikandamiza kwenye pengo. Ilichoma, kisha ikapoa, kisha maumivu yakaondoka kama yameitwa na mtu nje. Kwa siku kadhaa nilitembea na pamba mdomoni, na nyumba nzima ikawa inanuka karafuu badala ya vanishi.

Nadhani sasa unaona ninakokwenda.

Zikiwa zimebaki siku chache Idi iingie, Ami Seif alipiga simu kuwa amepata ruhusa kazini na anakuja kula Idi nasi. Mama alipiga kigelegele. Baba alisema alhamdulillahi, akaenda kukaa chumbani. Tangu hapo hakula daku vizuri. Nilimwona mara mbili amelishika gitaa mapajani bila kulipiga, akipitisha kidole kwenye mistari ile, midomo ikimchezacheza kama mtu anayerudia maneno atakayokwenda kuyasema.

Ami Seif alifika jioni, mkesha wa Idi. Wakati Baba amekwenda kumpokea uwanja wa ndege na Mama yuko jikoni na sambusa, mimi niliingia chumbani na kichupa. Nilikuwa nimefikiri sana. Mwenye gitaa anakuja, na gitaa lina majeraha, na hakuna aliyelitia dawa. Nilitaka alikute limepona. Nilichovya pamba, nikaipitisha juu ya kila mstari, kwa utaratibu, nikikandamiza kama Mama alivyonikandamiza, na nikawa nikilipulizia lisichomeke sana. Kisha nikalifunga kanga yake.

Ami Seif aliingia na mabegi na vicheko. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba Zuwena, mbona umeota pengo, akanipa sanduku la halua nilishike. Hakuwa amekaa vizuri alipouliza gitaa lake liko wapi. Baba alilileta lenyewe na kanga. Alisimama nalo.

"Seif, kabla hujalifungua," alianza, "kuna jambo nlitaka nikueleze mwenyewe."

Lakini Ami Seif alikuwa ameshalipokea na kulifunua. Alitazama shingo. Kicheko kilimkatika, ila hakukasirika bado. Nilimwona, alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba akakuta vitu vimehamishwa. Akashusha dole gumba kutoka juu ya shingo. Dole likanasa. Akalivuta, likatoka na uzi wa vanishi, na pale lilipopita pakabaki mfereji uliochafuka. Akalitazama dole lake muda mrefu.

"Mbichi," alisema. "Umelifanya jana hili, Kaka. Umelifanya uliposikia nnakuja."

Sikuelewa maneno hayo. Baba aliyaelewa. Aliinama kulitazama gitaa, akaigusa shingo, akanusa kidole, kisha akainua macho akanitazama. Alinitazama muda mfupi tu. Mimi nilikuwa nimesimama na sanduku la halua, pamba bado mdomoni, mikono inanuka. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Nimekosa, Seif," alisema. "Lilikuwa amana, na mimi nimeligusa."

"Ulitaka lisinifae tena. Ukaona nikilikuta hivi nitakuachia."

Nani angemshuhudia Baba? Alilifanya mwanzo wa Ramadhani, na mwezi mzima hakuna aliyelisikia likilia. Wenzake wa chama hawakuwa wameliona. Mama angeweza kusema, na alifungua mdomo kweli, lakini Baba alimwinulia kiganja kidogo.

Ami Seif alilirudisha gitaa mikononi mwa Baba, taratibu, kama anayerudisha mtoto wa mtu.

"Basi lipige," alisema. "Lakini usinialike nikusikilize."

Magharibi ikaadhiniwa. Wakafuturu sahani moja, kila mmoja akichukua tende upande wake.

Nilivyoelewa mimi usiku ule ni kwamba dawa yangu haikufaa kitu, na Ami Seif amechukia kwa kuwa gitaa lake halijapona. Nilijiona mkosa mkubwa wa kutokutibu vizuri. Nilimwendea Baba asubuhi, amekaa na msasa akiirekebisha ile shingo na kanzu yake ya Idi bado iko kwenye msumari, nikamwambia nilitia dawa kidogo, nilipaswa kutia nyingi. Baba aliacha kusugua. Akanivuta, akanikalisha gotini, akaniambia mbao haisikii maumivu, na siku nyingine nikitaka kumtibu mtu yeyote nimwulize yeye kwanza. Nilifurahi kwa kutokupigwa, nikaenda kuvaa viatu vyangu vipya.

Wimbo wa Bi Salama ulipigwa, besi ikapita katikati pamoja naye, na watu waliinuka kumtunza kwa noti mpaka jukwaa halikuonekana. Baba alipiga gitaa hilo miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Nilipokuwa mkubwa alinifundisha, na leo mimi ndiye ninayelipiga. Nimebadilisha sumaku zake, nimeliwekea waya wa ardhini, na nyuzi bapa zisizoila mbao. Sihitaji tena sufuria ya wali. Ami Seif alirudi moja kwa moja, akajenga Bububu. Alikuja kwetu harusini, matangani, akasalimia, akakaa, akasaidia. Alikuwa mtu wa haki katika kila jambo. Lakini Baba akiwa na tamasha hakuja hata moja, na Baba hakumwalika hata moja. Nilipouliza niliambiwa Ami hapendi makelele. Nikaridhika na jibu hilo mpaka siku kisanduku kiliponinasa dole.

Vanishi ya majuma matatu hainasi. Hicho ndicho nilichokuja kukijua jikoni kwangu. Freti zilikuwa kosa la Baba, na angeomba radhi, na Ami Seif pengine angemkasirikia siku mbili tatu kisha wakacheka. Ubichi ulikuwa wangu mimi. Baba aliijua harufu ile papo hapo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, akanitazama, akaliacha.

Nilimpigia Ami Seif, nikamwomba aje. Alipanda zile ngazi polepole, akapumzika kila ghorofa. Nilikuwa nimeweka mezani kile kisanduku, gitaa na kopo la maziwa ya unga. Nilimpa kahawa kwanza, kisha nikamwomba aguse kifuniko. Aligusa. Akanitazama.

"Ni karafuu, Ami," nilimwambia. "Siku ile nlikuwa na jino. Nliona gitaa lina majeraha nikalitia dawa, mlipokuwa uwanja wa ndege. Baba alishalimaliza tangu mwanzo wa mfungo. Nlifikiri ntalipoza."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Nilianza kueleza tena, nikidhani hakusikia, akaniashiria ninyamaze.

"Alinusa kidole chake," alisema. "Nlimwona ananusa. Miaka yote nlikuwa najiuliza alikuwa ananusa nini."

"Niwie radhi, Ami."

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. Akaisogeza kahawa yake pembeni. "Mimi sikuwa mtoto."

Kisha akaniambia nilipige. Nililiunganisha, nikautafuta ule wimbo wa Idi, nikaenda nao taratibu mpaka mahali pale pa katikati, nikapita. Aliinamisha kichwa. Akaniomba nirudie mahali hapo, na nilipomaliza akaniomba tena. Kila nikirudia alizidi kukaza macho kwenye shingo, kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma ya vidole vyangu.

Nilimwambia alichukue. Lilikuwa amana, na sasa limefika kwa mwenyewe. Fundi wa Darajani alishaniambia mifereji inaweza kufunguliwa na freti zikarudishwa kila moja mahali pake, kwa sababu Baba aliziandika. Ami Seif alilifungua kopo, akatoa kimoja cha vile vifurushi vya gazeti, akausoma mwandiko wa kaka yake, akakirudisha bila kukifungua. Akafunga kopo, akalitia kwenye mfuko wa kanzu.

"Zangu ni hizi," alisema. "Hilo ni la baba yako."

Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Nikabaki mlangoni nikimsikiliza akishuka. Kopo lilikuwa likilia mfukoni mwake kila alipokanyaga ngazi, likanyamaza alipopumzika, likaanza tena, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini.